Malezi ya Daktari Kijana: Kwa Faida ya Nani?

Siku hizi katika vyuo vya tiba limeenea neno "afya ya ulimwengu", na pamoja nalo limekuja fundisho la namna ya kuwalea madaktari wanaosomea ubingwa ambao wangependa kazi hiyo. Fundisho lenyewe ni fupi. Kijana atafute mlezi mwenye jina, aandike makala pamoja naye, ahudhurie mikutano ya nje, apewe barua ya kumpendekeza, na milango itafunguka. Hatusemi kwamba mambo haya ni maovu. Tunasema kwamba yanamweleza kijana njia ya kupita bila kumuuliza anamfanyia nani kazi, na swali hilo ndilo la msingi.

Hapa Ikola neno hilo linachekesha kidogo, kana kwamba ulimwengu unaanzia mahali pengine. Majirani zetu wa Karema waliishi na daktari wa aina hiyo tangu 1889. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, akanunuliwa na Mapadri Weupe huko Algeria na kupelekwa Malta kusomea utabibu kwa mpango wa Kardinali Lavigerie. Alifika Karema akiwa kijana, na hakuondoka hadi alipofariki 1956. Hiyo ni miaka 67.

Historia hiyo husimuliwa kwa namna mbili, na zote zina kasoro. Wako wanaoisimulia kama hadithi ya huruma tu, wakasahau kwamba walezi wake walikuwa na shabaha yao: dawa itangulie, dini ifuate. Na wako makada wenzetu ambao wakisikia neno misheni huwa wamekwisha kumaliza uchambuzi. Kwao Atiman ni chombo cha wakoloni, basi. Uchambuzi wa namna hiyo ni uvivu. Malengo ya mlezi ni kitu kimoja, na kazi ya miaka 67 miongoni mwa wavuvi na wakulima ni kitu kingine. Aliyelelewa kwa faida ya wengine anaweza kuwa mali ya wananchi, lakini sharti akae nao muda wa kutosha ili wao nao wamlee.

Mfano wa pili, ambao kwa maoni yetu ni mzito zaidi, uko kaskazini mwa ziwa hili hili. Katika miaka ya 1980 Dk. Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma. Ulikuwa wakati mgumu: fedha za kigeni hakuna, vifaa vimechakaa, na 1986 nchi ikaingia katika masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kina mama walikuwa wanakufa. Badala ya kungoja msaada, vifo vilichunguzwa kimoja kimoja, na sababu zikatafutwa kwanza ndani ya hospitali yenyewe, pamoja na wajibu wa watumishi. Zikapangwa hatua 22, nyingi zikitegemea rasilimali zilizokuwapo. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Makala aliyoiandika pamoja na Staffan Bergström wa Sweden ilichapishwa 1995.

Tazama mfuatano huo. Kwanza kazi, kisha makala, kisha jina. Fundisho la malezi la siku hizi linaugeuza: kijana anatafuta kwanza mada itakayompendeza mfadhili, halafu anakwenda wilayani kuitafutia wagonjwa.

Tena kuna kundi la walezi ambalo fundisho hili halilitaji kamwe. Utafiti mwingine ambao Mbaruku alishiriki, uliochapishwa 2009, ulionyesha kwamba katika mikoa ya Mwanza na Kigoma upasuaji mwingi mkubwa wa dharura za uzazi ulikuwa unafanywa na madaktari wasaidizi, watu wasio na shahada. Ni dhahiri kwamba daktari anayesomea ubingwa angejifunza mengi akisimama nyuma ya mtu wa namna hiyo saa nane za usiku. Lakini daktari msaidizi hana barua yenye nembo ya chuo kikuu ya kumwandikia, kwa hiyo hahesabiwi kuwa mlezi. Huu ni mtazamo wa kitabaka, hata kama unavaa koti jeupe.

Na kubadilishana kwenyewe, je? Daktari kijana wa Marekani huja kwa wiki chache na mara nyingi hushika wagonjwa wetu. Wetu akienda kwao, kwa kawaida husimama na kutazama, kwa kuwa hana leseni yao. Hatuwalaumu kwa kuwalinda wagonjwa wao. Tunauliza kwa nini wetu wasilindwe vivyo hivyo.

Ndugu mmoja atasema: vijana hufuata mishahara, na hotuba haziwazuii. Ni kweli. Tanganyika ilipopata uhuru 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12; hatimaye tukapata wengi hata 2017 Serikali ikakubali kupeleka 500 Kenya. Mahakama ya huko ilipozuia mpango huo, 258 waliokuwa wameomba waliamriwa waajiriwe hapa nchini. Maana yake ni kwamba walikuwapo, wamesoma kwa jasho la wakulima, bila ajira ya Serikali, huku vituo vya vijijini vikiwa na upungufu. Chama kisimkaripie kijana anayetazama nje wakati nafasi ya ndani haikufunguliwa. Kwanza nafasi hizo zifunguliwe, na nyumba ya mganga ijengwe.

Kisha walezi wabanwe kwa jambo dogo linalopimika: tasnifu iliyotokana na wagonjwa wa Katavi isomwe kwa Kiswahili mbele ya watumishi wa Mpanda na halmashauri za vijiji vilivyohojiwa, kabla haijapandishwa ndege kwenda Geneva.