'Borrow' na 'lend': Kosa linaloanzia kwenye 'azima'

'Borrow me your pen.' Sentensi hii utaisikia madarasani Nunguni, kaunti ya Makueni, na kwa hakika kwingi nchini. Mwalimu huikata kwa wino mwekundu, akaandika 'lend', mambo yakaishia hapo. Kesho yake kosa ni lile lile.

Usahihishaji wa aina hii hauna mashiko kwa sababu hauulizi kosa limetoka wapi. Kiingereza hutenganisha vitenzi hivi kwa mwelekeo: anayetoa hu-'lend', anayepokea hu-'borrow'. Kitenzi chetu 'azima' huenda pande zote mbili. 'Niazime kalamu' ni ombi kwa mwenye kalamu. 'Nimeazima kalamu kwa Mutua' ni kauli ya aliyepokea. Kinachotofautisha ni kiambishi cha mtendwa na hicho 'kwa', si kitenzi chenyewe. (Wapo wanaosema 'azimisha' ili kukwepa utata. Si vibaya.) Mtoto basi ameichukua 'niazime' akaivisha sare ya Kiingereza. Wala si sisi peke yetu: 'leihen' ya Kijerumani nayo hutoa na kupokea.

Hata hivyo, Kiswahili kina mpaka wake ambao 'borrow' haiuoni. Sufuria huazimwa, kwa kuwa itarudi sufuria ile ile. Sukari na pesa hukopwa: zitatumika ziishe, mwenyewe alipwe nyingine za kiasi hicho. Jirani akisema 'niazime gunia', mpe gunia tupu. Akitaka mahindi yaliyomo, na aseme 'nikopeshe'.

Siku hizi mpaka huo unafutwa ovyo. Tunasikia 'nikopeshe kalamu', tunasikia 'niazime elfu mbili', na msemaji wala hashtuki. Kwa kalamu hakuna hasara. Kwenye daftari la chama ipo. Andika 'Mwende amemkopa Musyoka elfu mbili': mdaiwa ni Mwende. Badilisha kitenzi tu, 'Mwende amemwazima Musyoka elfu mbili', na deni limemhamia Musyoka! Mhazini anayeona 'kopa' na 'azima' ni mamoja atamdai asiyedaiwa.

Kwa hivyo, mwalimu wa Kiingereza na yule wa Kiswahili wangelifundisha somo hili pamoja, ubaoni, kwa mfano huo huo wa Mwende na Musyoka, kabla ya yeyote kugusa kalamu nyekundu.