Raha ya Kutoijua Kesho: Upapo kwa Papo katika "Full Tilt" ya Dervla Murphy

Sisi wahakiki chipukizi tumezoea kuiuliza kila kazi ya fasihi swali moja: ujumbe wake ni nini? Swali si baya, ila linaacha vitu vingi nje ya mlango, na kimojawapo ni raha. Mhusika akifurahi tu, akapanda mlima kwa sababu mlima upo, tunakosa istilahi ya kumwekea. Tunasema eti anaikimbia hali halisi, kisha tunafunga kitabu. Katika makala haya nakusudia kuitetea raha hiyo, ingawa si bila masharti. Kitabu nitakachokitumia ni "Full Tilt" cha Dervla Murphy, mwandishi wa Ireland aliyefariki mwaka 2022. Kilichapishwa mwaka 1965.

Kwa ufupi, kisa chenyewe ni hiki. Murphy alizaliwa mwaka 1931. Alipotimiza miaka kumi alizawadiwa baiskeli na atlasi, akaweka nadhiri kwamba siku moja ataendesha mpaka India. Akiwa na miaka 14 aliacha shule ili amwuguze mama yake. Mama alifariki mwaka 1962, na Januari 1963, katikati ya baridi kali, binti akaondoka peke yake. Alipita Uajemi, Afghanistan na Pakistan, akafika Delhi mwezi Julai. Baiskeli aliiita Roz, kifupi cha Rozinante, yule farasi kimbaombao wa Don Quixote. Jina hilo peke yake linatuambia kuwa msimulizi anajicheka kabla hatujamcheka sisi.

Tuanze na fani. Kitabu kimeandikwa kwa mtindo wa shajara: jioni baada ya jioni, maandishi yakatumwa nyumbani kwa marafiki. Hapa ndipo fani na maudhui vinaposhikana mikono. Msimulizi wa riwaya anaujua mwisho, anatuficha tu. Msimulizi wa shajara haujui. Anaandika leo, na kesho bado haijaumbwa. Ndiyo maana milima ya Hindu Kush na bonde la Bamiyan haviwi pambo la mandhari tu, kama picha ya kalenda ukutani. Kila kona ya njia ni habari mpya kwake na kwetu pia. Tazama anavyoupita mlima wa Babusar, wenye njia iliyo juu ya mita 4,000. Theluji haijayeyuka, magari hayapiti, na baiskeli iliyokuja kumbeba sasa yeye ndiye anayeibeba. Taharuki ya sehemu hii haikutengenezwa kwa ujanja wa kalamu. Imetokana na mtu kutojua kama atafika ng'ambo.

Je, huo ni ubahatishaji? Hapana. Wanafunzi wa fasihi simulizi tunalo jibu tayari, tatizo hatulitumii tukishika kitabu cha Mzungu. Tunafundishwa kuwa fanani hutunga papo kwa papo mbele ya hadhira. Lakini hakuna fanani anayetunga kutoka hewani. Malenga anayemjibu mwenzake papo hapo ukumbini ameweka akiba ya vina, methali na mizani kwa miaka mingi. Wepesi tunaousikia ni wa leo, hazina ni ya tangu zamani. Murphy naye ni hivyo hivyo. Alingoja zaidi ya miaka ishirini. Aling'oa gia za baiskeli akijua barabara zitaziharibu, akatanguliza tairi za akiba njiani, akatia bastola mfukoni. Baada ya hapo ndipo alipoweza kuiachia kesho ijipange yenyewe. Upapo kwa papo, basi, ni tunda la maandalizi. Na kuna kejeli moja tamu: ajali iliyomvunja mbavu huko Afghanistan haikumpata juu ya Roz. Ilimpata ndani ya basi, abiria walipogombana na kitako cha bunduki kikamwangukia.

Sasa masharti. Raha hii ina gharama, na si zote alizilipa yeye. Mtu asiyejua atalala wapi huwa analala kwa mtu. Kuna anayechemsha chai, anayetandika mkeka, anayemega mkate uliokusudiwa watoto. Murphy anawasifu wenyeji hao kwa moyo mweupe, hasa Waafghani. Lakini anapolalamika kuwa barabara za magari na maendeleo ya kisasa yatayaharibu mabonde yale, lazima tumwulize: yatamharibia nani? Mgeni anapita kwa baiskeli na kushukuru kwa ukimya. Mama mwenye uchungu wa uzazi bondeni humo anaingoja hiyo barabara. Hata hapa kwetu, kijana anayesukuma magunia ya mkaa kwa baiskeli kupanda mlima hajui naye kesho itakuwaje, na hakuna anayemwandikia kitabu cha raha.

Fasihi yetu inao mfano wa kumlinganisha naye. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa bwana wake Mjerumani, na simulizi lake la Kiswahili likatokea katika "Safari za Wasuaheli", kitabu alichokihariri Carl Velten mwaka 1901. Salim aliona mengi na ana jicho kali. Ila njia haikuwa yake: bwana akisema twende, wanakwenda. Tofauti kati ya Salim na Murphy haiko kwenye kipaji. Iko kwenye mamlaka ya kusema "leo nakata kushoto". Tukimsoma mmoja bila mwingine, tunaweza kudhani kuwa uhuru huo ni tabia ya mtu, kumbe ni nafasi aliyopewa au aliyonyimwa.

Je, tuitupe raha ya Murphy? Mimi nasema tusiitupe, tuipime. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: je, msafiri anawaruhusu watu wa njiani kukibadilisha kitabu chake? Katika "Full Tilt" wanakibadilisha kidogo tu. Wanabadilisha ratiba, hawabadilishi mtazamo. Lakini mwaka 1992 alipoendesha kutoka Kenya hadi Zimbabwe, akapita Uganda na Tanzania, ugonjwa uliokuwa ukiua watu kila kijiji ulijiingiza katika kila mazungumzo. Matokeo yake ni "The Ukimwi Road", kitabu cha mwaka 1993 chenye neno letu kwenye jalada. Pale, kwa maoni yangu, upapo kwa papo ulikomaa. Hakuchagua tena kona ya barabara peke yake. Wenyeji walimchagulia mada, naye akaipokea.

Wenzangu, raha ya kutoijua kesho ni thamani ya kifasihi. Inastahili istilahi na inastahili mjadala. Mhakiki anayeipita bila kuitazama hajawa mwanamapinduzi kwa sababu hiyo. Amesoma nusu ya kitabu tu. Na anayeifurahia bila kuuliza nani alichemsha chai, naye kasoma nusu iliyobaki.