Maji yalipitia wapi? Uchambuzi wa mota ya kisima iliyovuja

Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya ardhi yake imekalia mwamba wa granaiti. Miezi inayobaki, vijiji vingi vya Ikungi, Mkalama na Manyoni hutegemea visima virefu. Ndani ya kisima huning'inia chombo chembamba cha chuma cha pua, pampu juu na mota chini, vyote vimezama saa zote. Maji yakipenya kwenye mota, breka inakata umeme kila ikiwashwa, na watu wanarudi kwenye madumu na punda.

Mara nyingi mota hutolewa, ikapelekwa mjini kusukwa koili, ikarudishwa. Miezi michache baadaye imeungua tena. Gharama hiyo inatoka kwenye fedha za maji za wananchi, kwani chini ya Sheria Na. 5 ya 2019, iliyoianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, miradi ya vijijini inaendeshwa na vyombo vya jamii, yaani CBWSO. Fundi aliyesuka koili bila kutafuta njia ya maji ameiacha kazi katikati.

Nichukue mota ya aina inayojazwa mafuta. Maji yanaweza kupitia sili ya shafti, mlango wa waya, oringi za vifuniko, au kiwambo cha mpira kilichoko chini. Hiki cha mwisho husahaulika, nacho ndicho kinachoamua kama sili mpya itadumu.

Mota ikifanya kazi hupata moto, na mafuta hutanuka takriban 0.07% kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita moja ikipanda nyuzi 40 inaongezeka mililita 28 hivi. Kiwambo kizima hunyumbuka kupisha ongezeko hilo. Kilichokakamaa hakinyumbuki, kwa hiyo mafuta yanajipenyeza nje kwenye sili. Mota ikizimwa na kupoa, maji ya kisima yanavutwa kuziba pengo. Ndiyo maana pampu ya sola, inayozimika wingu likipita na kuwaka tena, inahitaji kiwambo kizima kuliko nyingine yoyote.

Mota ndogo za umeme za kusukumia mitumbwi huugua vivyo hivyo, tena nyingi ndani yake mna hewa tu. Hewa iliyopata moto wa nyuzi 40, sehemu yake ikatoka, kisha ikapoa, huvuta kwa zaidi ya 0.1 bar, wakati kina cha nusu mita kinasukuma kwa 0.05 bar tu. Mvuvi wa Ziwa Kitangiri atakayefunga mota ya namna hiyo avue propela mara kwa mara na kutoa nyuzi za nyavu zilizojisokota kwenye shafti, kwa sababu hukata sili.

Turudi kisimani. Kabla ya kufungua chochote, fundi makini hukata kiungio cha waya na kupima kwa mega, yaani kipima kihami, mota peke yake, kisha waya peke yake. Hata kabla ya hapo, mota ikiwa bado kisimani, kipimo chini ya megaomu 0.5 ni dalili kwamba kihami kimeharibika. Waya huzamishwa polepole kwenye pipa la maji huku ncha zikibaki nje na kavu. Kipimo kikianguka ghafla, tobo liko kwenye kipande kilichozama wakati huo. Hatua hii haifai kurukwa. Maji yanayoingia kwenye kiungio kibovu yanaweza kusafiri katikati ya nyuzi za shaba, ndani ya plastiki, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, yakafika kwenye mota ambayo sili zake zote ni nzima.

Mota ikifunguliwa, mafuta yaliyogeuka meupe yanathibitisha kwamba maji yameingia. Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapogusa. Ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa hapohapo itavuja. Isogezwe milimita chache au shafti ivalishwe bushi nyembamba. Silikoni inayopakwa nje siihesabu kuwa matengenezo.

Kosa linaloua kazi nzuri huja wakati wa kujaza. Hewa ikibaki ndani na mota ikashushwa mita 30 chini ya maji, hewa hiyo hubanwa hadi robo ya ujazo wake. Kiwambo kinasukumwa mpaka mwisho kufidia pengo, hakina tena pa kwenda, na tofauti yote ya shinikizo inabebwa na sili. Mafuta yamiminwe taratibu, shafti izungushwe kwa mkono, mota igongwegongwe, iachwe itulie, kisha iongezwe hadi mapovu yaishe.

Na mafuta yenyewe yawe yale yaliyoidhinishwa kwa pampu za maji ya kunywa. Mafuta ya transfoma yasitumike hata kama yanapatikana bure. Ya zamani huweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo ni sumu, na maji ya kisima hicho ndiyo watoto wanayokunywa.

Wakati wa kushusha, mega isomwe kila baada ya mabomba machache, isomwe tena siku inayofuata mota ikiwa imepoa, na namba zote ziandikwe kwenye daftari la CBWSO.