Salamu Isiyofuatwa na Shukrani: Kaida za Barua katika Waraka kwa Wagalatia

Kukosekana kwa shukrani mwanzoni mwa Waraka kwa Wagalatia aghalabu huelezwa kisaikolojia: Paulo alighadhibika, akapuuza adabu ya uandishi. Makala hii inaona kuwa maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu yanaiacha fani na kukimbilia nafsi ya mwandishi.

Barua ya Kiyunani ya karne ya 1 ilifunguliwa kwa jina la mwandishi, jina la mwandikiwa, na kitenzi cha salamu, chairein. Muundo huo unaonekana katika Yakobo 1:1 na Matendo 15:23. Paulo aliurekebisha: mahali pa chairein aliweka charis, ‘neema’, nomino yenye mnasaba wa sauti na mzizi na kitenzi hicho, akaiambatanisha na ‘amani’ ya salamu za Kiyahudi. Kisha hufuata shukrani, kama katika 1 Wathesalonike 1:2, Wafilipi 1:3 na Filemoni 4. Hata Wakorintho, anaowakemea kwa mafarakano yao, wanatajwa kwa shukrani kwanza (1 Wakorintho 1:4). Kwa hiyo, ghadhabu peke yake haielezi pengo la Wagalatia.

Katika Wagalatia 1:6, nafasi ya shukrani imechukuliwa na thaumazo, ‘nashangaa’. Kitenzi hiki kina historia yake: katika barua za kawaida zilizohifadhiwa kwenye mafunjo ya Misri, hutumika kumlaumu mtu aliyeandikiwa asijibu. Paulo, basi, amebadilisha kaida moja kwa nyingine.

Hapa pana tofauti ambayo uhakiki hauna budi kuizingatia. Pengo la shukrani tunaliona sisi tulio na mkusanyo wa nyaraka na kuzilinganisha. Wagalatia, waliosomewa waraka mmoja kwa sauti, hawakuhitaji ulinganisho huo. Lawama waliitambua kutokana na barua za maisha yao ya kila siku.

Tafsiri ya Kiswahili inahifadhi maana ya ‘neema’, lakini mnasaba wake na salamu umepotea, maana kwetu neno hilo halisalimii. Hata hivyo, msomaji aliyezoea barua zetu, ambamo ‘ama baada ya salamu’ hutangulia shauri lenyewe, anajua kwamba utangulizi wa barua hubeba uhusiano wa wanaoandikiana. Ufundishaji wa nyaraka hizi kama fasihi uanzie hapo.