Ati mfupa uliounga una nguvu kuliko wa mwanzo?

Usemi huu naujua tangu utotoni, na juzi mpwa wangu karudishwa uwanjani kwa hoja hiyohiyo, muundi wake haujatimiza miezi 3 tangu uvunjike. Mimi siukubali.

Wanaoutetea hushika jaribio la White, Panjabi na Southwick (1977): miundi ya sungura iliyokwisha unga ilipopotolewa ilivunjika mahali pengine. Sawa, lakini hiyo ni hatua ya 4, ya mwisho. Katika hatua 2 za kwanza ilivunjika palepale!

Halafu wanachanganya umbo na mali. Mfupa mchanga nyuzi zake zimelala ovyo, chokaa haijakolea. Kipande kwa kipande ni dhaifu. Unaokolewa na unene wa lile fundo: fimbo ikiongezwa kipenyo mara 2, ugumu wake wa kupinda hufika mara 16. Mfupa unaorefushwa kwa njia ya Ilizarov, milimita 1 kwa siku, hauna fundo nene kama hilo. Ndiyo maana pete huachwa mguuni miezi kadhaa baada ya kuvuta kwisha.

Kijana nimemzuia, na kaninunia kwelikweli. Mwenye hoja nyingine aje nayo.