Kuazima na Kumiliki: Gitaa la George Mukabi

Ni rahisi kuuhesabu mtindo wa omutibo kuwa mwigo tu wa gitaa la Katanga. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Santuri za Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, zilisikika hadi Kenya, na upigaji wake wa gumba na kidole cha shahada ukawa darasa. Lakini George Mukabi wa Kisa, Kakamega, aliyefariki mwaka 1963, aliipa besi ya gumba mwendo mwingine, na wimbo wake “Sengula Nakupenda” ukauchukua mwendo huo kwa Kiswahili. Mhakiki akishataja kilichoazimwa, bado ana kazi ya kueleza kiligeuka nini mikononi mwa mwazimaji.