Anubiasi si mgomba

Waliokuwa kwenye ile saluni ya mtaa wa Keshero Jumamosi jioni waliona wenyewe. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha: tangi la samaki la sentimita sitini limetulia mezani, mchanga mweusi umelazwa kwa mteremko, juu nyuma, chini mbele. Ndipo kijana aliyekuwa akilipanga akachukua kipande cha anubiasi, ule mmea wa majini, akatoboa mchanga kwa kidole, akalisukuma tunguu lote humo mpaka yakabaki majani tu, yamechomoza kama mboga kwenye tuta. Akafukia. Akagandamiza kwa vidole viwili, kama mtu aliyepanda mche wa kahawa. Kisha akachukua kipande kingine. Vyote vilikuwa vinane.

Mimi nilikuwa kiti cha pili, nusu ya kichwa imenyolewa, shuka shingoni, siwezi kuinuka. Nikasema, "Mwanangu, hilo litoe juu." Akanijibu kwa heshima zote, "Papa, mizizi lazima ipate udongo."

Mizizi, sawa. Lakini alichozika ni shina.

Narudia jambo hili kila mwaka na nitalirudia tena. Tunguu la anubiasi ni shina lililolala. Majani yanatokea mgongoni, mizizi inashuka kutoka tumboni, na lenyewe linataka maji yanayotembea yaliguse pande zote. Huko porini, kwenye vijito vya Kameruni na vya misitu yetu ya Kongo, utalikuta limekumbatia jiwe au gogo, mara nyingi majani yakiwa nje ya maji kabisa. Ukilifukia kwenye mchanga laini wa volkeno kama huu wetu, ambao ukishalowa hushikana, maji hayapiti. Oksijeni inakwisha, wanabaki wale bakteria wasioihitaji, na tunguu linaanza kulainika. Rangi inatoka kijani kwenda hudhurungi, harufu inabadilika, na siku moja unagusa jani linakuja lenyewe pamoja na kikonyo chake, bila hata kulivuta. Umeme ukikatika, nanyi mnajua unavyokatika, pampu inasimama, na hata oksijeni kidogo iliyokuwa inafika pale chini haifiki tena.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba haliumizi siku ileile. Anubiasi ina akiba tunguuni. Itakaa wiki kadhaa ikikuonyesha majani ya kijani kama hakuna kitu. Inapoanza kuanguka, aliyeizika ameshasahau kidole chake. Atalaumu taa, atalaumu mbolea, atalaumu maji ya bomba ya REGIDESO.

Najua mkono ule umejifunzia wapi. Sisi watu wa Kivu tunazika kila kitu. Chipukizi la mgomba unazika, pingili ya muhogo unazika, marando ya viazi vitamu unazika, na vyote vinaota. Tena tunguu la anubiasi linafanana na tangawizi kama ndugu, na tangawizi nayo kwao ni udongoni. Kwa hiyo simwiti mjinga. Ila nashindwa kumwelewa katika jambo moja: dakika kumi kabla, mkono huohuo ulipanda valisneria nyuma ya tangi bila kosa hata moja. Mizizi ilitandazwa, shingo ikaachwa juu ya mchanga, nafasi ikabaki ya kamba zake kutambaa na kuzaa watoto. Tena ni mmea uliofaa, maana maji ya Ziwa Kivu letu yana pH karibu 9, na valisneria hujua kuchota kaboni yake kwenye bikaboneti. Mtu aliyeiogopea shingo ya valisneria amelizikaje shina la anubiasi?

Na mawe! Takashi Amano, yule Mjapani wa Niigata aliyetufundisha wote kupanga matangi, alipojenga tangi lake la mwisho kule Lisbon mwaka 2015, mita 40 kwa urefu na lita 160,000 za maji, aliletewa tani 25 za mawe ya volkeno kutoka visiwa vya Azores. Tani 25, kwa meli. Keshero ukijikwaa unajikwaa kwenye jiwe hilohilo. Ukuta wa saluni umejengwa nalo. Lina matundu ambayo mzizi wa anubiasi hushika kuliko kitu chochote kinachouzwa kwa kilo Ulaya, na kijana aliweka mawe matatu mazuri humo ndani kisha akayaacha matupu! (Kubwa kaliweka katikati kabisa, kama kaburi la chifu. Jiwe kubwa hukaa penye theluthi, jamani, si katikati. Lakini hilo tuliache.)

Uzi wa kulifungia tunguu kwenye jiwe je? Nenda ufukweni asubuhi wavuvi wa sambaza wanaposhona nyavu, omba kipande cha nailoni. Unazungusha mara mbili, fundo moja, basi. Baada ya miezi kadhaa mizizi imeshika yenyewe, unakata uzi.

Miaka ya themanini pale mtaani Himbi kulikuwa na mzee aliyekuwa na anubiasi moja tu. Gundi hakuwa nayo, taa yake ilikuwa dirisha. Alikuwa akilikata tunguu kwa wembe lakini haondoi kipande: anakiacha palepale juu ya jiwe, kimetengana na mama yake kwa unene wa wembe tu, mpaka kichipue jani jipya. Ndipo anakihamisha. Anubiasi hutoa jani kwa majuma, haina haraka, naye hakuwa na haraka. Nusu ya matangi ya Himbi yalipata mbegu kwake. Kijana wetu naye alikata vizuri, majani manne kila kipande, hilo nampa.

Siku hizi haraka imetuingia. Kesho utamwona na chupa yake ya sukari na hamira, anatengeneza kaboni dioksidi ya kulisha mmea usiohitaji kuongezewa, hapa kando ya ziwa lenye takriban kilomita za ujazo 300 za gesi hiyo kilindini. Sukari mpeni mama yake aweke kwenye chai.

Dawa ipo na ni rahisi: ng'oa vyote, suuza, kata sehemu iliyolainika mpaka ufike penye kijani, funga kwenye jiwe. Jumanne nilirudi kumalizia kichwa changu, nikachungulia. Saba bado vimezikwa. Cha nane, samaki haplokromisi wa ziwani waliowekwa Jumapili walikuwa wamechimba shimo lao palepale, kikaelea, kikaenda kunasa kwenye tundu la lile jiwe kubwa la katikati. Kijana alikuwa anatafuta kijiti cha kukirudishia chini.